Mdogo Akionewa, Mkubwa Yu Wapi?

Kuna ugonjwa wa tumbo ambao hauonekani Jumamosi wala Dominika, bali huja Jumatatu alfajiri, saa ya kuvaa sare ya shule. Akina mama wa Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala waujua sana. Mtoto alilala salama; akiamshwa, ajikunja, chai haipiti, machozi yamtoka. Akipelekwa zahanati, hapatikani na malaria wala minyoo. Baba husema ni uvivu, na pengine fimbo hufuata. Yafaa kwanza mtoto huyo aulizwe kwa upole: huko njiani wakungojea akina nani?

Wapenzi wasomaji, watoto wetu waonewa na watoto wenzao. Jambo hili si geni, wala si la Dar es Salaam peke yake. Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, yaani UNESCO, lilitangaza kwamba duniani kote karibu mwanafunzi mmoja katika kila watatu alikuwa ameonewa na wenzake katika muda wa mwezi mmoja uliotangulia kuulizwa kwake. Lakini tuseme ya kwetu. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ile ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa ya pembezoni mwa jiji yamefurika. Ni neema kubwa, nasi twamshukuru Mungu kwamba mtoto wa mchuuzi wa samaki asoma. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri ya watoto. Kuna shule zenye wanafunzi maelfu, waingiao kwa zamu, hawa asubuhi na wale mchana. Baina ya zamu na zamu kuna saa zisizo na mwenyewe: chooni, nyuma ya madarasa, kwenye foleni ya bomba, na zaidi ya yote kituoni. Kondakta wa daladala hampendi mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni ndogo. Humwachia nafasi baada ya watu wazima wote kukaa. Basi watoto hubaki kituoni hata giza, na hapo mwenye misuli hutoza kodi yake. Huchukua hela ya nauli, na mdogo hurudi nyumbani kwa miguu. Akifika amechelewa, hupigwa. Mtoto huyo ameadhibiwa mara mbili kwa kosa ambalo hakulitenda hata mara moja.

Wapo wasemao, «Ni utani tu wa watoto.» Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana sisi ndio wenye utani, wala hatupaswi kufundishwa maana yake na mtu. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana tangu enzi za misafara iliyoshuka pwani. Mmoja humwita mwenziwe mtumwa wake, humnyang'anya hata kofia kichwani; naye kesho hulipizwa vivyo hivyo, na wote hucheka. Tena siku ya msiba mtani ndiye ajaye mbele, hufanya kazi za mazishi na kuwachekesha waliofiwa. Hiyo ndiyo alama ya utani: una njia mbili, tena una wajibu ndani yake. Mzaha ambao mmoja daima ni mtaniaji na mwingine daima ni mtaniwa, ambao mwenye kutaniwa akijibu hupigwa, na ambao siku ya taabu hakuna ajaye kumsaidia, huo si utani. Ni uonevu, hata kama darasa zima lacheka. Au tuseme kwa usahihi zaidi: hasa kama darasa zima lacheka.

Kwa majina, dhambi hii yajificha vizuri. Mtoto mnene, mtoto mwenye kigugumizi, mtoto aliyetoka mkoani juzi na lafudhi yake, mtoto ambaye mama yake huuza vitumbua langoni, kila mmoja hupachikwa jina, nalo humfuata hata kidato cha nne. Mtoto mwenye ualbino huitwa kwa neno la dharau ambalo hatutalichapisha katika ukurasa huu. Msomaji akumbuke kwamba katika nchi hii, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa ushirikina, hata ikabidi watoto wao wakusanywe katika vituo kama kile cha Buhangija, Shinyanga, ili walindwe. Panga halikuanza kama panga. Lilianza kama jina, lililomfanya binadamu aonekane kitu. Bwana wetu Yesu Kristu alipofundisha mlimani aliweka tusi kwa ndugu karibu sana na amri ya usiue, na wengi wetu tukisoma tumedhani alizidisha. Hakuzidisha.

Siku hizi tena kuna simu. Picha ya msichana yaweza kuzunguka shule nzima kabla ya kengele ya mapumziko. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yautaja uonevu wa namna hii kuwa ni kosa la jinai. Lakini mzazi aliyemnunulia mtoto simu asingoje polisi wamfundishe mwanawe haya.

Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika, aliyajua mambo haya miaka zaidi ya 1,600 iliyopita. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia kwamba alipokwenda kusoma Karthago, mjini palikuwa na genge la wanafunzi waliojivunia kuitwa waharibifu. Kazi yao ilikuwa kuwavamia wageni wenye haya na kuwadhihaki bila sababu. Yeye hakuwa mmoja wa watendaji. Matendo yao yalimchukiza. Lakini alikaa nao, urafiki wao ulimpendeza, hata nyakati nyingine aliona haya kwa kutokuwa kama wao. Twadhani hapo ndipo walipo watoto wetu wengi. Si wapigaji wala wapigwao, ni watazamaji. Huchelea kwamba wakimtetea aliye chini, kesho zamu itakuwa yao. Petro naye, katika ua wa kuhani mkuu, alimwogopa kijakazi.

Tena Augustino aeleza jambo jingine, nalo latuhusu sisi wazee. Alipokuwa mtoto mdogo shuleni, alimwomba Mungu kwa bidii asipigwe na mwalimu; na alipopigwa, wakubwa, hata wazazi wake mwenyewe, waliyacheka mapigo yake. Hakulisahau hata alipokuwa askofu. Je, sisi hatucheki? Uchunguzi wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walioulizwa walikuwa wamepigwa kabla ya kutimiza miaka 18, na wapigaji wengi walikuwa ndugu au walimu. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zasema kwamba fimbo shuleni zisizidi nne, azichape mwalimu mkuu au aliyeteuliwa naye, tena ziandikwe kitabuni. Kila msomaji ajua zinavyofuatwa. Mtoto ajifunza kwamba mkubwa kwa nguvu ndiye mwenye haki. Kisha atazama kulia na kushoto kutafuta aliye mdogo kuliko yeye. Mwonevu wa darasa la sita mara nyingi ni mpigwa wa nyumbani. Hatusemi hivi ili asiadhibiwe, bali ili mwenye kumwadhibu ajue amshika nani.

Katika shule za bweni mambo huwa mazito zaidi, kwani huko hakuna kurudi nyumbani jioni. Mgeni wa kidato cha kwanza huitwa njuka, huamriwa kufua nguo za wakubwa na kuimba usiku juu ya kitanda, nao husema, «Hata sisi tulifanyiwa.» Jirani zetu wa Kenya walionja matunda ya watoto kutawaliwa na watoto: mwezi Mei mwaka 1999, katika shule ya sekondari ya wavulana ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto na wanafunzi wenzao wakiwa wamelala chumbani mwao. Hatuwahukumu marehemu, Mungu awarehemu. Twasema tu kwamba walimu wakiliacha bweni jioni, usiku hautabaki bila mtawala.

Na mzazi amwambie nini mtoto anayeonewa? Mashauri mawili ndiyo yasikikayo zaidi katika nyumba zetu. La kwanza ni la akina baba: «Nawe mpige.» Shauri hili lina kasoro ya wazi, kwamba kama mtoto angaliweza kumpiga, asingalionewa. Baba amemrudishia mdogo mzigo ule ule uliomshinda, na juu yake ameongeza aibu.

La pili huvaa nguo za dini: «Vumilia, mwanangu, Yesu alisema tugeuze shavu la pili.» Hili latuhuzunisha kuliko lile la kwanza. Bwana wetu alimwambia kila mtu habari ya shavu lake mwenyewe. Hakumpa mtu ruhusa ya kuligeuza shavu la mwanawe. Alipowataja watoto alisema maneno ya namna nyingine kabisa: alilitaja jiwe la kusagia, na shingo, na kilindi cha bahari. Uvumilivu ni fadhila ya mwenye uchaguzi. Mtoto wa miaka tisa aliyezungukwa na wanne nyuma ya choo hana uchaguzi, na amri ya Mungu hapo haimwelekei yeye, yawaelekea wakubwa walio karibu.

Tunaye katika Afrika yetu ya Mashariki mfano wa mkubwa wa namna hiyo. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa huko Buganda kwa kumwonya Kabaka Mwanga, ambaye pamoja na mengine aliwataka vijana wa jumba lake kwa uovu. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga alibatizwa, akachukua nafasi ya kuwasimamia vijana wale. Alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei. Miezi kadhaa aliwaficha wadogo, aliwapanga wasiwe peke yao, alisimama katikati yao na mwenye nguvu kuliko wote nchini. Kizito alikuwa na miaka kama 14 tu. Lwanga ndiye aliyembatiza usiku wa mwisho, mwezi Mei 1886, na tarehe 3 Juni wote wawili waliuawa kwa moto Namugongo. Twaadhimisha kila mwaka kifo chao, na ni haki. Lakini kabla ya moto palikuwa na miezi ile ya kazi ndogo ndogo zisizo na shangwe: kujua mtoto gani yuko wapi, ametumwa na nani, atarudi na nani.

Kazi hiyo yawezekana Tandika. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo hukutana kila juma, na kila jumuiya ina vijana wa sekondari wapandao daladala kituo kimoja na watoto wa shule ya msingi. Je, ni vigumu kwa kijana mmoja mkubwa kukabidhiwa wadogo watatu? Walezi wa Utoto Mtakatifu wawafundishe watoto kwamba kumwambia mwalimu habari ya mwenzao anayeonewa si umbea. Mbeya asema ili mtu apate taabu. Huyu asema ili mtu atoke katika taabu. Na pale ambapo mtoto hana wa kumwambia, iko namba 116, simu ya bure kwa ajili ya watoto.

Limebaki neno kwa mzazi anayeitwa shuleni kuambiwa kwamba mwanawe ndiye mwonevu. Wengi hufika wakiwa wamekwisha kukasirika, nao humtetea mtoto mbele ya mwalimu, kisha humchapa wafikapo nyumbani. Hivyo hukosa mara mbili. Kanisa latufundisha kwamba kitubio hakiishi kwa majuto, kuna na malipizi. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Basi mzazi amshike mwanawe mkono, waende pamoja hata nyumba ya yule mdogo, si shuleni mbele ya watu, wabishe hodi, wakae. Mtoto aseme mwenyewe alilolitenda, kwa maneno yake, bila mama kumsaidia. Na kama alichukua nauli ya siku sita, airudishe ya siku sita, tena itoke katika fedha yake ya maandazi, si katika mfuko wa baba.