Mzazi Asiye na Pesa Anadaiwa Nini?

Yollie yuko darasa la nane. Dansi ya shule imefika na hana nguo ya maana. Mama yake, Bi Moreno, hana pesa za kununua mpya, lakini anakumbuka kuwa binti ana gauni jeupe la zamani, na nyumbani kuna pakiti ya rangi nyeusi. Wanalitia rangi, linakauka, linapendeza kabisa. Yollie anaenda, anacheza na kijana, mambo yanaiva. Wakitoka nje, mvua inaanza, na ile rangi inatiririka miguuni mwake.

Hiyo ni hadithi fupi ya Gary Soto, "Mother and Daughter", katika Baseball in April, kitabu cha hadithi 11 kilichotoka mwaka wa 1990. Soto ni Mchicano, yaani Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, na alizaliwa Fresno, California, mwaka wa 1952. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 5. Anaijua nyumba ambayo kila shilingi ina kazi yake kabla haijaingia. Lakini ukitafuta bunduki na magenge humu, hupati. Unapata mnyororo wa baiskeli uliokatika, na mvulana anayejifanya anajua Kifaransa ili msichana amtazame. Kwani hayo nayo ni ya kuandikia kitabu?

Ni ya kuandikia, maana hapo ndipo familia huumizana. Yollie anafika nyumbani akiwa na hasira, na hasira hiyo anammwagia mama. Wengi wetu tumelelewa na jibu tayari: huyo mtoto hana shukrani, atakosa radhi. Mama kajitahidi, alitaka nini tena? Soto haendi haraka hivyo. Aibu ya Yollie ni ya kweli. Kuchekwa mbele ya wenzako ukiwa na umri ule si jambo dogo, hata kama mtu mzima anaona ni nguo tu. Wakati huohuo, mama hakuileta mvua. Kinachomuuma Yollie ni umaskini wao, ila umaskini huwezi kuugombeza, kwa hiyo anagombezwa aliye karibu.

Baadaye mama anachota kwenye akiba aliyomwekea binti kwa ajili ya chuo, wanaenda kununua nguo. Najua utasema nini. Huyu msichana anataka kuwa daktari, halafu karo inaliwa na viatu? Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu pesa ikitumika imetumika. Lakini mtoto anayeambiwa kila siku angoje kesho anaweza kuanza kuamini kwamba yeye wa leo hana thamani. Nadhani Bi Moreno aliliona hilo.

Msidhani Soto anasamehe kila kitu kwa sababu watu hawana kitu. Katika "The No-Guitar Blues", Fausto anataka gitaa ambalo wazazi hawaliwezi. Anamrudisha mbwa kwa wenyewe akidanganya kwamba amemwokota karibu na barabara kuu, na anapewa dola 20. Pesa hiyo inamchoma hadi anaitumbukiza kwenye kikapu cha sadaka kanisani. Shida yake ilikuwa ya kweli, na uongo wake pia ulikuwa uongo. Soto anayaacha yote mawili yasimame.

Mimi nachukua msimamo huu. Mzazi asiye na pesa hadaiwi gauni. Anadaiwa kuichukulia aibu ya mtoto kwa uzito, badala ya kumwambia "shukuru" na kufunga mjadala. Mtoto naye anadaiwa kuuona mkono uliolitia gauni rangi, hata siku rangi ikitoka. Si lazima aone usiku uleule wa mvua. Lakini aone, kabla mama hajazeeka.