Samaki wa Bwawani na Sahani ya Nani?

Kati yetu tunaosoma fiqhi limezuka swali: samaki wa kufugwa anayeuzwa Mbarara, aliyelishwa mafuta ya soya au alizeti badala ya mafuta ya samaki, je, muuzaji akinyamaza amefanya ghishi?

Uhalali wake hauna mjadala. Mafuta ya mimea si najisi. Mjadala uko kwenye ule utwayyib. Omega-3 inayosaidia moyo na ubongo, samaki huipata zaidi katika anachokula. Akilishwa mafuta ya mimea, omega-3 hiyo hupungua nyamani mwake na omega-6 huongezeka. Hana sumu, na protini yake iko palepale, ila si yuleyule wa ziwani.

Wenzangu huleta hadithi ya nafaka iliyolowa mvua, pale Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya lundo akakuta unyevu, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka juu watu waione. Mimi naona kipimo hiki hakimpati muuzaji wetu. Yule alificha kasoro, na soya si kasoro. Lakini akianza kumnadi samaki wake kuwa ni dawa ya moyo, hapo amejiingiza mwenyewe.

Linalonikera ni jingine. Unga na mafuta ya samaki hutoka kwa samaki wengine. Hapa Uganda mukene, yaani dagaa wa Ziwa Viktoria, husagwa kwa wingi kulisha kuku na samaki. Mukene huyohuyo, anayeliwa mzima na mifupa yake, ndiye kitoweo anachomudu mama wa Nakivale anayenunua kwa kikombe. Tangu 2023 WFP imewagawa wakimbizi kwa makundi, na wengine hawapati mgao kabisa. Basi mtu wa mjini akidai samaki wa bwawani alishwe samaki ili omega-3 yake itimie, namuuliza: afya hiyo imetolewa kwenye sahani ya nani? Tumefundishwa kwamba dhara haliondolewi kwa dhara lingine.

Soya iendelee. Anayetaka omega-3 ale mukene mwenyewe, kuliko kumpitisha kwanza tumboni mwa samaki mwingine. Na wauzaji, mkiulizwa samaki wenu wamelishwa nini, jibuni. Mara mbili nimeuliza sokoni, na mara zote mbili nimejibiwa: "Chakula cha gunia tu."