Je, Kuhesabu Chakula cha Juma ni Kukosa Imani?

Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja wa hapa Dilala alitungoja mlangoni pa kanisa. Alikuwa na swali, akalitoa kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama: "Mwalimu, ni dhambi kuhesabu chakula?" Mama mkwe wake alikuwa amemwambia mbele ya watoto kwamba nyumba inayohesabu bukari ni nyumba ya uchoyo, tena ni nyumba isiyomtumaini Mungu, kwani Bwana wetu alitufundisha kuomba mkate wa leo, wala si wa juma zima. Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia tutafikiri kwanza. Sasa twataka kufikiri pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, maana tunajua kwamba si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Tueleze habari za nyumba yake. Baba hufanya kazi ya zamu mgodini, juma hili mchana, juma lijalo usiku. Mama huuza sokoni tangu asubuhi hata jua likichwa. Watoto ni watano, na mama mkwe ni wa nane. Zamani alinunua kila jioni kwa fedha ya jioni ile: meka ya unga, makala kidogo ya mbabula, mafuta ya kupimwa, dagaa za kutosha mkono mmoja. Anayenunua hivyo hulipa zaidi kuliko anayenunua mfuko mzima, na maskini ndiye anayelazimika kununua hivyo. Mama akichelewa sokoni, watoto walilala na chai.

Basi akaanza kukaa na binti yake mkubwa kila Jumapili jioni, na kuandika katika daftari chakula cha siku saba. Maharagwe yalowekwe usiku ili yasile makala mengi, yapikwe mara moja kwa siku mbili, na siku ya pili yachemshwe tena vizuri. Sombe ipikwe siku ile anayorudi mapema, kwa kuwa inataka kutwangwa na kukaa motoni muda mrefu. Isipopikwa vema inadhuru. Siku isiyo na samaki, karanga zitwangwe na kutiwa katika lengalenga, watoto wapate nguvu. Nyama siku ya Mungu, fedha ikiwapo. Binti akitoka shule anajua aanze na nini, na baba akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku anakuta chakula chake kimefunikwa. Hayo ndiyo makosa yote ya mama huyu, nasi kwa kweli tulipoyasikia tulitamani kuliona daftari lenyewe.

Kuhusu imani, tukumbuke habari ya mana jangwani. Ni kweli kwamba waliojiwekea mpaka kesho waliikuta imeoza. Lakini siku ya sita Mungu mwenyewe aliwaamuru kukusanya ya siku mbili, nayo haikuoza. Yosefu kule Misri alijaza ghala miaka saba, wala hakuna aliyemwita mtu asiye na imani. Na Bwana wetu alipolisha watu elfu tano, kwanza aliwaketisha kwa makundi, na walipokwisha kushiba aliamuru vipande vikusanywe, vikajaa vikapu 12. Hata Mitume walikuwa na mfuko wa fedha. Mfuko haukuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa moyoni mwa yule aliyeushika. Mtakatifu Toma wa Akwino, anapoeleza fadhila ya busara, anataja pia busara ya kutunza nyumba, na kuona mbele anakuhesabu kuwa sehemu ya busara. Jambo analolikataza Bwana ni mahangaiko. Sasa tujiulize: ni nani aliyehangaika zaidi, mama wa zamani aliyekimbia gizani bila kujua atapika nini, au huyu wa sasa?

Lakini mji wetu nao una la kusema hapa, kwa maana Kolwezi imekwisha kuona chakula kinachopangwa kwa juma. Wazee wanaikumbuka posho ya Union Minière: unga, maharagwe, samaki, mafuta ya mawese, chumvi. Ilipimwa kwa ajili ya mfanyakazi, hata kwa mke na watoto wake kwa kadiri ya idadi yao. Mpaka leo siku ya sita twaiita siku ya posho, ingawa vijana wengi hawajui kwa nini. Kampuni ilianza kuwakalisha wafanyakazi pamoja na jamaa zao mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kuwa kutafuta watu wapya mbali kila mara kuliigharimu sana. Hatutaki kuidharau posho ile. Mtoto aliyeshiba ameshiba, awe amelishwa na nani. Lakini kusudi lilikuwa shaba. Gécamines ilipochukua mahali pa Union Minière, katika miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 ikaanguka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ule ulioitwa wa kuacha kazi kwa hiari. Shaba ilipopungua, na hesabu ya chakula ilikwisha. Mama huyu naye anapima unga, lakini anawapima watoto kwa sababu ni wake, na hata mgodi ukifungwa kesho atawahesabu vilevile.

Hata hivyo mama mkwe ana haki katika jambo moja, na mama mwenyewe alitufunulia bila kuulizwa. Siku moja, saa ya chakula, walifika watoto wawili wa shemeji yake kutoka Manika. Unga ulikuwa umekwisha pimwa. Akawaambia mlangoni, "Leo chakula kimehesabiwa." Watoto walikaa kitambo uani, kisha wakaenda zao. Jambo hilo ndilo lililomleta kwetu, wala si maneno ya mkwe.

Je, alikosa? Alikosa. Daftari lilikuwa mtumishi, na siku ile likawa bwana. Lakini hatuwezi kumwachia yeye peke yake kosa hilo. Shemeji huwatuma watoto kula, wala hajaleta kikombe cha unga hata siku moja. Mama mkwe husifu ukarimu, lakini mzigo wa ukarimu huo unatoka sokoni juu ya kichwa cha mwingine. Na baba? Mama alituambia kwamba hajui mumewe analipwa kiasi gani. Baba Mtakatifu Pio XI alifundisha mwaka 1931, katika barua yake Quadragesimo Anno, kwamba ujira wa mfanyakazi wapaswa kumtosha yeye na jamaa yake. Twapenda sana kuwakumbusha matajiri neno hilo, na ni vema. Lakini ujira ukitoka ofisini na kupotelea njiani, jamaa haikulipwa. Kuna mambo yanayozishinda nguvu za nyumba yoyote: unga mwingi tunaokula hutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na ukame mkubwa wa mwaka 2024 ulipoharibu mahindi kule, hakuna daftari la mama lililoweza kuleta mvua. Fedha iliyomo mfukoni mwa baba si jambo la namna hiyo.

Tulikwenda kwao siku ya posho, wote wakiwapo. Tulisema mambo mawili tu. Kila jioni kikombe kimoja cha unga kiwekwe katika mkebe kwa ajili ya mtu asiyehesabiwa, na juma likiisha asipofika mtu, kipelekwe kwa mzee yule mgonjwa wa shirika lao. Tena Jumapili jioni baba naye aketi penye daftari, na ujira uwekwe mezani.

Mama mkwe aliitikia lile la kwanza upesi. Baba alinyamaza. Alilivuta daftari, akasoma polepole mpaka chini, kisha akauliza kwa nini nyama imeandikwa mara moja tu. Binti akampa kalamu kwa mikono miwili. "Baba," akasema, "andika mara ya pili, na pembeni uandike fedha yake."