Maradhi ya Matende na Mabusha, na Haki ya Mgonjwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeleta maradhi na akaleta dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika miji ya pwani na visiwani hakosekani mtu aliyeacha kwenda msikitini kwa sababu ya mguu wake. Mguu umevimba, ngozi imekuwa ngumu, na katika mikunjo yake hutoka maji yenye harufu. Kila asimamapo katika safu, aliye kando yake hujitenga kidogo. Mwisho husali nyumbani, Ijumaa ikampita, na watu wakasema kuwa amekuwa mvivu wa ibada. Kadhalika yuko mwenye busha, ambaye haya imemfunga mdomo miaka mingi, wala hakuna tabibu aliyemwona. Watu hawa wamebeba mizigo miwili: maradhi yenyewe, na ujinga wa jirani zao.

Wako wasemao kuwa matende ni uchawi alioukanyaga mtu, na kuwa mabusha huletwa na kunywa madafu. Maneno hayo hayana asili. Sababu yake ni mnyoo mwembamba kama uzi, ukaao katika mishipa ipitishayo majimaji ya mwili, ukaiharibu. Mnyoo jike huzaa vijinyoo visivyoonekana kwa jicho, navyo huenea katika damu usiku, saa ambazo mbu huuma. Mbu akinyonya damu hiyo, vijinyoo hukua ndani yake kiasi cha siku kumi hata kumi na nne. Kisha akimwuma mtu mwingine, humtilia. Jambo hili lilianza kujulikana mwaka 1877, pale Daktari Patrick Manson, katika mji wa Amoy nchini Uchina, alipoviona vijinyoo hivyo vikikua ndani ya mbu. Basi aliyemdhuru mgonjwa si hasidi, bali ni mbu, na huenda alizaliwa katika shimo la choo la mtaa huo huo.

Pengine mtu atasema: hii ni kadari ya Mungu, na mwenye kusubiri ana thawabu. Hayo ni kweli. Lakini Mtume alipoulizwa na mabedui juu ya kujitibu, aliwaamuru wajitibu, akawajulisha kuwa kila maradhi yana dawa, isipokuwa uzee. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru akatawakali, aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali.

Na dawa ipo. Mwaka 2001 watu wa Unguja na Pemba walianza kugawiwa vidonge vya ivamektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka. Vidonge hivi huua vijinyoo vya damuni, lakini minyoo mikubwa huweza kuishi miaka mingi. Kwa hiyo dawa hurudiwa mwaka baada ya mwaka, na humezwa na wazima pia, kwani mtu huweza kuchukua vijinyoo muda mrefu asione dalili yoyote. Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa sana husamehewa. Homa kidogo au kichwa kuuma baada ya kumeza mara nyingi ni alama ya vijinyoo vinavyokufa, wala si sumu. Na asemaye kuwa dawa hii hukata uzazi amesema uwongo. Misri mwaka 2017, na Yemeni mwaka 2019, zilithibitishwa kuwa zimeyaondoa maradhi haya yasiwe tena balaa la umma.

Wala dawa peke yake haitoshi. Huko Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya mashimo vilitiwa punje nyepesi za plastiki zieleazo juu ya maji, mbu wasipate pa kuzalia, na watu wakapewa dawa. Maradhi yakashuka sana, wala hayakurudi upesi kama yalivyorudi mahali palipotolewa dawa tu.

Ama mguu uliokwisha kuvimba, hautarudi kama zamani kwa vidonge. Lakini huweza kuzuiwa usizidi. Na uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushwe vizuri baina ya vidole, hata baada ya udhu, kwani unyevu ndio huotesha vidonda. Na mgonjwa akikaa auinue, na akitembea avae viatu. Mwenye busha dawa yake ni kupasuliwa, wala haya isimzuie, kwani sheria imeruhusu tabibu kuiona tupu kwa dharura ya matibabu.

Basi enyi Waislamu, funikeni mashimo yenu, laleni ndani ya vyandarua, mezeni dawa igawiwapo. Na yule mwenye mguu mzito, mwendeeni nyumbani, mchukulieni maji na sabuni, mrudisheni katika safu, na bega la jirani yake liguse bega lake. Asiyeweza kusujudu na asali kwa kukaa. Lakini asisali peke yake kwa kuwakimbia ndugu zake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, na azilainishe nyoyo za wazima. Amin.