Noti Imechelewa kwa Saa ya Nani?

Mpiga kinanda anaporekodiwa kwa MIDI, kompyuta huandika kitufe kipi kilibonyezwa, kwa nguvu gani na wakati gani. Sauti yenyewe haimo. Kukwantaizi ni kuivuta kila noti hadi kwenye mstari wa gridi ulio karibu nayo. Mchezaji asipofuata metronomu, gridi haipo, na lazima itafutwe humohumo katika uchezaji wake.

Kasi ya mapigo 120 kwa dakika hulipa kila pigo milisekunde 500, na robo ya pigo, tuseme ndiyo nafasi ya gridi, 125. Kasi ikishuka hadi 118, jambo ambalo msikilizaji huenda asiligundue, kila pigo hurefuka kwa milisekunde 8 na ushei. Baada ya mapigo 8 tofauti inakaribia 68, zaidi ya nusu ya nafasi iliyo kati ya mstari na mstari. Noti iliyopigwa mahali pake huvutwa kwenye mstari usio wake: programu imesahihisha kosa ambalo halikutendeka.

Dawa yake ni kufuatilia kasi. Programu hubashiri pigo lijalo, huitazama noti inayofika, kisha hurekebisha ubashiri wake. Kwa kiasi gani? Ikiifuata kila noti, hakuna noti itakayochelewa kamwe. Ikikaza shingo, madaha yote ya mchezaji yatahesabiwa kosa. Kuhusu wakati, rekodi hutoa namba moja kwa kila noti, nayo inadaiwa majibu mawili: kasi ilikuwa ipi, na noti iliachana na pigo kwa umbali gani. Hisabati haiwezi kuyatenga bila kudhani jambo kwanza, kwa mfano kwamba kasi hubadilika polepole. Dhana hiyo ni ya binadamu, na wachezaji wengi huivunja makusudi.

Swali la nani anayehesabu ni la kale. Aristotle aliuita wakati hesabu ya mwendo, akauliza kama ungekuwapo pasipo nafsi ya kuhesabu. Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, alipima silabi akaona kwamba kinachopimwa ni alama iliyobaki katika kumbukumbu, kwa kuwa sauti imekwisha kupita. Pigo nalo ni la namna hiyo: hukaa katika matarajio yaliyojengwa na noti zilizotangulia, na kuchelewa ni kuyachelewa hayo. Faili la MIDI lisilotaja kasi yoyote husomwa kwa mapigo 120 kwa dakika, vyovyote mchezaji alivyocheza.