Mita Moja, Milango Minane

Julai ya Nyeri haina huruma. Asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye kamba za nguo, saa sita mchana bado hujaliona jua, na usiku unalala na soksi mbili na marvini kichwani. Watu wa Nairobi wakilalamika baridi, sisi wa huku Ruring'u tunawaangalia tu.

Julai ya namna hiyo, bili ya stima ya ploti yetu ilikuja mara tatu ya kawaida.

Ploti yenyewe ni nyumba nane za chumba kimoja kimoja, choo mwisho, sinki katikati, na mita moja ukutani karibu na geti. Bili ikija keteka anaigawanya kwa nane, anaandika kwa grupu la WhatsApp, kila mtu anatuma pesa. Kwa kawaida ilikuwa elfu tatu na mia mbili hivi, yaani mia nne kila mlango. Kuna jirani mwenye friji. Kuna mwingine ni soja wa usiku, analala mchana, balbu yake ni kama pambo. Wote mia nne. Hakuna aliyewahi kuuliza nani ametumia ngapi, na nadhani hatukuuliza kwa sababu mia nne ilikuwa nafuu kuliko kukosana.

Mwezi huo ikaja elfu tisa na mia sita.

Grupu likawaka. "Hii ni nini?" "Kuna mtu anapika na stima." "Ama kuna mtu amefungua welding humu ndani?" Kisha mtu akaandika, bila kutaja jina, "Wenye watoto wadogo wajichunguze."

Mwenye watoto wadogo alikuwa mmoja tu. Tunamwita Mama Mapacha. Alikuwa amejifungua Mei, anaishi peke yake na hao watoto wawili, na kabla ya hapo alikuwa anauza mboga pale stage. Jumapili jioni tulikutana kwenye sinki. Akasema, "Mimi maji nachemsha na makaa. Jiko si mnaliona hapa nje?" Jiko tulikuwa tunaliona. Mzee wa namba mbili akamjibu polepole, kama mtu anayetoa ushauri, "Lakini usiku, mama, sisi hatuko kwako."

Ikapitishwa kwamba alipe mara mbili, elfu mbili na mia nne, sisi saba tugawane iliyobaki. Keteka alikuwa ameshatoa kikokotoo cha simu. Ikawa 1,029 kila mmoja badala ya 1,200. Tuliokoa shilingi 171 kwa kichwa, na mimi nilikuwa hapo, nimeshika kikombe cha chai, sikusema neno.

Nilikuwa na hita.

Niliinunua mwanzoni mwa Juni, mtumba, kwa jamaa aliyekuwa anahama. Mimi nafanya kazi usiku. Chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya fees, na wakati huo nilikuwa naishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo walio na fees. Vidole vikiganda huwezi kuandika. Kwa hiyo kuanzia saa nne usiku hadi saa nane hivi, hita ilikuwa inanipulizia miguuni, na mimi naandika.

Na sasa cheka. Moja ya insha nilizoandika mwezi huo ilikuwa kuhusu Garrett Hardin, yule Mmarekani aliyechapisha mwaka 1968, katika jarida la Science, makala kuhusu malisho ya watu wote. Kila mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja, faida ni yake pekee, lakini nyasi zinazoisha ni hasara ya kila mtu. Basi kila mmoja anaongeza, mpaka malisho yanakwisha. Nikaendelea nikamleta Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, ambaye alionyesha kwamba si lazima iwe hivyo: watu wana midomo, wanaweza kuketi, kuweka sheria zao na kuangaliana. Nikaeleza wafugaji wa Uswisi na mifereji ya Uhispania. Huyo mwanafunzi alipata alama nzuri. Yote hiyo niliiandika miguu ikiwa na joto la majirani saba, maana kila shilingi nane za hita yangu, mimi nililipa moja.

Ningemjua Ostrom kwa kweli ningetumia mfano wa hapa nyumbani. Panda matatu uende Naro Moru au Nanyuki, utakuta vyama vya watumiaji wa maji vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2002. Kiangazi kikija wanapanga zamu kwenye mito inayotoka mlimani, na anayechota nje ya zamu anafuatwa. Si kwamba hawagombani, wanagombana sana. Lakini mto unaonekana. Ukisimama chini unaona maji yamepungua, unapanda na mtaro mpaka unampata mwenye pampu. Stima huioni. Unaona nambari mwisho wa mwezi, na nambari haisemi ilipita mlango gani. Hapo ndipo watu wanajaza jina wenyewe. Na jina linalojazwa ni la yule asiye na mtu wa kumsimamia.

Kuna jambo lingine nililijua baadaye, na lilinikasirisha kwa njia tofauti. Kwa viwango vya stima vilivyoanza Aprili 2023, nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi iliwekewa bei ya msingi ya shilingi 12.22 kwa uniti. Kati ya 30 na 100, ilikuwa 16.30. Ukizidi 100, ilikuwa 20.97, kabla hujaongezewa mafuta, kodi na vidude vingine. Ile bei ya chini iliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Ploti yetu kwa miezi ya kawaida ilikuwa inatumia uniti kama 110, yaani 14 kwa kila mlango. Lakini mita haijui milango, inaona nyumba moja kubwa yenye matumizi ya tajiri. Soja na balbu yake moja alikuwa analipa bei ya mtu mwenye jumba la vyumba vitano kule Ring Road. Kwa hiyo tulikuwa tunaumizwa wote hata kabla ya hita yangu. Nilipenda sana hesabu hiyo nilipoipata. Niliipenda kupita kiasi, kwa sababu kwa siku mbili nzima ilinipa mtu mwingine wa kulaumu.

Nilijua ukweli wiki moja baada ya kikao cha sinki. Nilitoka usiku kwenda choo, nikapita kwa mita. Kuna taa ndogo nyekundu pale. Kwenye mita yetu imeandikwa 3200 imp/kWh, maana yake taa ikipepesa mara 3,200, uniti moja imeisha. Usiku huo ilikuwa inapepesa karibu mara mbili kwa sekunde, kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni. Ploti nzima imelala. Nikarudi ndani, nikazima hita, nikatoka tena. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka saba, ndipo ikapepesa mara moja.

Nilisimama pale kwenye baridi muda mrefu kidogo.

Unaweza kusema sikujua, na asiyejua hana hatia. Nimejaribu kujitetea hivyo. Shida ni kwamba nyuma ya hita kuna kibandiko kimeandikwa 2000W, na nilikiona siku ya kwanza. Wati elfu mbili kwa saa moja ni uniti mbili. Saa nne ni nane. Mwezi ni zaidi ya mia mbili na ishirini, karibu elfu sita na mia nne. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita. Pale kwenye sinki sikuwa najua, sawa, lakini nilikuwa najua mahali pa kutazama, na nikaangalia kikombe changu.

Januari 2018 wakili Apollo Mboya alienda Mahakama Kuu kupinga Kenya Power kuwatoza wateja bili za nyuma, kiasi kilichotajwa kikiwa shilingi bilioni 10.1. Nakumbuka mitandao ilivyochafuka na #SwitchOffKPLC. Swali la watu lilikuwa rahisi: tuonyesheni hilo deni limetoka wapi. Mahakama ikasimamisha utozaji kwa muda wakati kesi inasikizwa. Sisi wa ploti tulikuwa upande huo, nani hakuwa? Halafu sisi hao hao tukamdai mama mmoja elfu mbili na mia nne, na ushahidi wetu wote ulikuwa kwamba usiku hatuko kwake.

Sasa sehemu ambayo sipendi kuieleza.

Hita niliacha kuwasha. Agosti bili ikashuka, na grupu likaona limethibitisha: tulimwambia Mama Mapacha, akasikia. Mzee wa namba mbili aliweka ule mkono wa kupiga makofi. Mimi nikapiga hesabu nyingine. Kama si hita, deni lake lingekuwa mia nne. Alikuwa amelipa elfu mbili zaidi. Siku nilipolipwa nikamtumia elfu mbili kwa M-Pesa, na ujumbe, "Mama, nimepata kakazi, hii ni ya pampers."

Alijibu baada ya dakika moja. "Mwandishi, Mungu akubariki sana. Ni wewe tu umenikumbuka hii ploti."

Nilijiambia pesa imerudi, basi. Na kwa kitabu cha mahesabu kweli imerudi. Lakini nilikuwa nimelipa deni kwa jina la zawadi. Mwenye deni akilipa, mnabaki sawa. Mwenye kutoa zawadi anabaki juu kidogo, na kila nilipopita mlangoni kwake alikuwa ananisalimia kama mtu aliye juu kidogo. Mara moja aliniwekea githeri. Nikala. Jina lake kwa grupu bado lilikuwa la mwizi wa stima, na mimi, niliyelichafua, ndiye niliyekuwa rafiki yake wa pekee.

Mwisho wa Agosti alihamia Kamakwa. Alisema ni kwa sababu ya rent.

Septemba niliandika kwa grupu. Ujumbe mrefu, hita, taa ya mita, hesabu yote, na kwamba nitarudishia kila mtu shilingi 629, polepole. Nilitetemeka kabla ya kutuma. Keteka akaweka kidole gumba. Mzee wa namba mbili akaandika, "Ni sawa kijana, ni shetani." Jirani wa friji akauliza kama hita bado iko, anaitaka. Hakuna aliyesema nilipe mara mbili. Na Mama Mapacha hakuwa kwenye grupu tena, alikuwa ametolewa siku aliyohama.

Nikampigia simu. Watoto walikuwa wanalia huko nyuma. Nilimweleza kwa haraka, kama mtu anayesoma. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Kwa hivyo ile elfu mbili ulinitumia," akasema, "ilikuwa yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa mimi nilikuwa nakushukuru ya nini?"