Je, ni Mke Peke Yake wa Kupimwa?

Ndoa ikipita mwaka wa pili na wa tatu bila mtoto, swali humfikia mke kwanza. Mama mkwe anamwuliza, mawifi wanamwuliza. Hata kanisani, tukiita wenye shida ya uzazi waje mbele waombewe, wanaosimama ni akina mama. Waume zao wamebaki kwenye mabenchi. Huku ukimbizini uchungu umezidi, kwa maana wengi wetu tulipoteza watoto na ndugu vitani, na ukoo unangoja kila ndoa irudishe yale majina.

Basi tuulize: mume anayekataa kupimwa, huku akimwacha mkewe aitwe tasa, anasema kweli mbele za Mungu?

Madaktari huanza kutafuta sababu wenzi wakikaa miezi 12 pamoja, bila kuzuia mimba, na isipatikane. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupatwa na jambo hili wakati fulani maishani. Katika karibu nusu ya ndoa hizo upande wa mume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Kwa mke, mara nyingi katika Afrika yetu ni mirija iliyoziba kwa kisonono, klamidia, au maambukizo ya baada ya kujifungua au mimba kutoka. Ugonjwa huo mara nyingine aliletewa nyumbani na mume. Wako pia dada zetu walioupata kwa ukatili waliotendewa vitani, na kumlaumu huyo ni kumjeruhi mara ya pili.

Kwa mume, mbegu huwa chache, dhaifu, au hazipo kabisa. Wengi hudhani mwenye nguvu za kitandani hawezi kukosa mbegu. Hayo ni mambo mawili. Na kipimo chake ni chepesi: anatoa manii kwenye kikopo safi, maabara wanayatazama kwa hadubini, basi. Mke, ili mirija yake ijulikane, hutiwa dawa kupitia mlango wa uzazi kisha hupigwa picha, na mara nyingi inauma. Ni haki gani inayomtanguliza yeye?

Akina baba watajibu: ni aibu. Lakini aibu hiyo haiishi kwa kukataa kupimwa. Inahamia mgongoni mwa mke. Amri ya kutoshuhudia uongo tunaifikiria kama jambo la mahakamani tu. Mtu asiyejua kama kasoro ni yake, akanyamaza jamaa zake wakimhukumu mwenzake, ameshuhudia nini? Elkana alikuwa na watoto kwa Penina, hivyo angeweza kumnyoshea Hana kidole. Hakumnyoshea. Alimpa fungu lake na kumbembeleza.

Wako wanaosema hospitali ni kupungukiwa imani. Hao hao mtoto akipata homa wanakimbia kupima malaria, na hakuna anayewauliza habari za imani! Luka alikuwa tabibu.

Tusidanganyane kuhusu dawa. Viko vidonge vya kusaidia mayai kukomaa, na vinawafaa wengi. Dawa za maambukizo hutibu wote wawili, ila hazifungui mirija iliyokwisha kuwa na makovu. Kutungisha mimba maabara, kulikofaulu kwanza Uingereza mwaka 1978 na Kampala mwaka 2004, kunagharimu mamilioni ya shilingi, na wengi wetu hapa makazini hatuna. Lakini kabla ya kuuza mahindi ya mgao ili kulipa mitishamba ya mtu anayeahidi mapacha, kipimo cha mume kitangulie. Ulizeni kituo cha afya. Kama hawana kipimo hicho, ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya Mbarara.

Nendeni wawili, siku moja, na majibu yasomwe wote mkiwapo. Yakionyesha ni mke, wazee wa kanisa wasikubali neno la kumrudisha kwao. Yakionyesha ni mume, mke naye asishauriwe kuondoka, na habari hiyo mume mwenyewe ndiye ampelekee mama yake.